Unasomea Kusuluhisha Watu? Usicheke!

Kijiweni kwetu hapa Pangani ukisema unasoma sheria, washikaji wanakuita "mheshimiwa" na kukuuliza joho utavaa lini. Ukiongeza kwamba unasomea kusuluhisha magomvi, wanashika mbavu. "Si kazi ya mashangazi hiyo?"

Haya, wacheke. Mimi naisomea, tena kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome bila kuhama kwake. Masomo nayapata kwenye simu, bando likiruhusu!

Sababu ninayo. Huku pwani shamba laweza kuwa la huyu na minazi iliyomo ikawa ya yule. Babu akifariki, mjukuu mmoja anataka kuuza, mwingine anadai minazi aliipanda mama yake. Ngoma inaanza hapo!

Zamani mngekwenda baraza la kata, likaamua. Lakini tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo mnapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko, mpenzi msomaji, yupo atakayeshinda na yupo atakayeshindwa, ila nauli mtalipa wote.

Kwenye baraza la kata wakili haruhusiwi kumtetea mtu. Wajumbe ni wanne hadi wanane, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Mashangazi wale wale mnaowacheka!

Sasa darasani kunafundishwa nini? Wamarekani wawili, Roger Fisher na William Ury, waliandika mwaka 1981 kwamba msigombanie msimamo, tafuteni haja iliyo nyuma yake. Anayetaka kuuza labda anatafuta ada ya mtoto. Anayekataa anaishi kwa zile nazi. Wakigawana mavuno, au mmoja akamlipa mwenzie kidogo kidogo, shamba linabaki na undugu unabaki.

Kweli, wazee wetu walilijua hilo bila kitabu. Shule inaongeza mengine: kuyaandika makubaliano, kumsikiliza na yule binti aliyenyamaza kwenye kona, halafu kujua lipi halisuluhishwi. Ubakaji haumalizwi kwa mbuzi wa faini na kupeana mikono. Huo ni wa polisi na mahakama, basi!

Kwa hiyo dada, kaka, urithi ukiwasha moto kwenu, msikimbilie panga. Zitumieni zile siku 30 vizuri. Ndugu utakayemgaragaza kwenye kesi ndiye huyo huyo utakayemhitaji siku ya msiba.

Tukutane wiki ijayo.