Binti wa maabara na safari ya ughaibuni: tuulize kwanza, ndipo tujibu



Ijumaa iliyopita, watu walipokwisha kutawanyika baada ya swala, mzee mmoja wa hapa Ikungi alibaki msikitini. Ni mkulima wa alizeti, na kwa alizeti hiyo amemsomesha binti yake mpaka akapata shahada ya sayansi ya maabara ya tiba. Binti amekwisha kufanya kazi miaka miwili, na sasa ameahidiwa ajira katika hospitali moja ya nchi za Ghuba. Shangazi zake wamekataa katakata, na mama yake halali. Mzee alitutazama akasema: "Ustadh, nimruhusu au nimzuie?"

Tunakiri kwamba jibu la haraka lilitufikia mdomoni. Tulilimeza, kwa kuwa ni sisi hawa hawa, wanaume wa msikiti huu, tunaowafikisha wake zetu kwenye kituo cha afya na kuulizia kama yupo mhudumu wa kike wa kuwatoa damu. Mhudumu huyo tunayemtaka, ni binti wa nani? Kama kila baba atamfungia wake nyumbani, tutampata wapi?

Historia yetu haikuwafungia. Ash-Shifaa binti Abdillah (ra) alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa Makka waliojua kuandika, na Mtume (saw) alimtaka amfundishe Bibi Hafsa (ra) elimu ya tiba aliyokuwa nayo. Rufaida al-Aslamiyya (ra) aliwauguza majeruhi wa vita vya Khandaq, na hema lake lilikuwa ndani ya msikiti wa Mtume.

Ama safari ya mwanamke bila maharimu, hapo pana hadithi sahihi za kukataza, wala hatuwezi kuzipita kimya. Wanazuoni wamezifahamu kwa njia mbalimbali. Mahanafi na Mahanbali wameshikilia sharti la maharimu hata katika Hija ya faradhi. Mashafii na Mamaliki wameruhusu Hija hiyo pamoja na wanawake waaminifu. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameipanua ruhusa hiyo hata kwa safari nyingine, njia ikiwa salama, wengine wamekataa. Sisi ni watumishi wa kamati, hatutoi fatwa. Mzee tumempeleka kwa sheikh wetu.

Wengine watasema: akienda Ghuba, wake zetu wa Ikungi watafaidika nini? Hoja hii ina uzito, na tunaijibu kwa mfano wa jirani zetu wa Dodoma. Dkt. Mwele Malecela, aliyezaliwa mwaka 1963, hakuwa Muislamu, lakini maisha yake ni somo kwa mzazi yeyote. Baada ya kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kazi mwaka 1987 katika kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), mkoani Tanga, akitafiti matende na mabusha. Vijidudu vya maradhi hayo huingia kwa wingi katika damu ya juu usiku, kwa hiyo kwa miaka mingi wapimaji walilazimika kwenda vijijini watu wakiwa wamelala. Alikwenda London kusoma, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1995, kisha akarudi. Aliongoza mpango wa taifa wa kutokomeza matende, na mwaka 2010 akawa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR.

Desemba 2016 uteuzi wake ulitenguliwa. Elimu yake haikutenguliwa. Mwaka 2017 alijiunga na Shirika la Afya Duniani, na mwaka uliofuata akakabidhiwa idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, huko Geneva. Hapo alisimamia dira ya mwaka 2021 hadi 2030 ya kupambana na magonjwa hayo, ambayo huwasumbua zaidi mafukara. Alifariki Februari 2022. Tunajifunza kwamba aliyeanzia nyumbani na kuujua ugonjwa wa watu wake, hata akiwa ughaibuni aliendelea kuwatumikia.

Kwa hiyo, pamoja na swali la sheria, tulimpa mzee maswali mengine ya kwenda nayo nyumbani. Je, binti amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya hapa nchini? Waajiri wengi wa Ghuba huhakiki vyeti moja kwa moja na chuo na baraza, na mara nyingi huweka mtihani; asiye na usajili kwao hukwama. Je, wakala aliyemletea kazi ana leseni ya Serikali? Ofisi ya Serikali inayosimamia huduma za ajira iulizwe kabla ya kutoa hata shilingi moja. Je, mkataba umetaja cheo cha maabara, mshahara, makazi na likizo, na umeandikwa kwa lugha anayoisoma mwenyewe? Je, pasipoti itabaki mkononi mwake? Nani wa familia au wa jamaa wa karibu yupo katika mji huo? Na je, mambo ya ndoa yamezungumzwa naye, au yamezungumzwa juu yake?

Swali hilo la mwisho lilimfanya mzee ainamishe kichwa. Alisema hajawahi kumuuliza binti mwenyewe anataka nini. Amewasikiliza shangazi tu.

Wazazi wenzetu, kumsomesha binti kwa miaka kumi na sita kisha kumwamulia bila kumsikiliza ni kuvuna alizeti na kuiacha ioze shambani. Tusimsukume aende, wala tusimfungie kwa hofu ya maneno ya watu. Tukae naye, tumsikilize, tuwaulize wenye elimu, tuswali istikhara, kisha tutawakali.

Mzee ameahidi kurudi Ijumaa ijayo, na mara hii atakuja na binti yake pamoja na ule mkataba. Tutausoma sote.