Anatsui si mzoa taka

Kila msanii wa Kiafrika anaposhona kitu kutokana na vitu vilivyotupwa, magazeti yetu humpeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa mazingira. Hiyo ni sifa ya rejareja. El Anatsui, Mghana aliyezaliwa mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, hukunja na kuponda vizibo vya chupa za pombe kali, kisha yeye na wasaidizi wake huviunga kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa shuka la kufunika ukuta mzima. Mwaka 2015 maonyesho ya Biennale ya Venice yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Hawakumtuza kwa kuisafisha Nsukka. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walileta Afrika Magharibi kubadilishana na watu waliotiwa utumwani, na kizibo kinaikumbuka biashara hiyo. Humo pia mna kente, ambayo baba yake aliifuma: vipande vyembamba vinavyoungwa mpaka vikawa nguo pana. Tena, ingawa ni za metali, kazi hizo hulegea kama kitambaa, na anayezitundika ana ruhusa ya kuzikunja atakavyo. Ukiyaacha hayo yote ukaandika habari ya taka tu, umemwandika mtu mwingine.

Wapo watakaosema mazingira ndiyo mlango wa kumwingiza msomaji asiyezoea majumba ya sanaa. Ni kweli, lakini mlango huo humshindanisha msanii na mzoa taka, na hapo hana pa kushinda: marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 iligusa kila soko na kila duka, jambo ambalo hakuna shuka la ukutani linaloweza kulifanya. Ubaya mkubwa zaidi wa mlango huo uko kwenye bei. Nchini Uganda, msanii Sanaa Gateja hutumia shanga zilizoviringishwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika, zikashonwa juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti. Mnunuzi aliyefundishwa kuona karatasi kuukuu atataka alipe bei ya karatasi kuukuu. Vidole vilivyoviringisha na kushona shanga hizo, moja baada ya nyingine, hataviona, kwa kuwa sisi waandishi hatukumwonyesha.