Msitutangazie Gemu Ambayo Haipo

Sisi wachezaji wa gemu tumechoka kupewa tarehe. Tuko wa kila aina: wanafunzi wa vyuo, mafundi simu wa Kariakoo, vijana wa bodaboda wanaopumzika mchana jua likiwaka, akina baba wanaosubiri watoto walale ndipo washike pedi. Wengine tuna mashine zetu nyumbani, wengine tunalipia kwa mechi kwenye vibanda vya mtaani. Wanaotengeneza gemu hizi wako mbali, Marekani, Japani, Poland na Ufaransa, lakini pesa zetu zinawafikia. Malalamiko yetu nayo yawafikie.

Tueleweke mapema. Hatulalamikii gemu kuchukua muda mrefu. Kazi kubwa ina muda wake, na hakuna kati yetu anayetaka kuuziwa kitu kibichi. Tunacholalamikia ni kutangaziwa gemu ambayo hata watengenezaji wenyewe hawajaijua itakuwaje, kutajiwa mwaka na mwezi, kisha kuachwa tukisubiri kana kwamba muda wetu hauna thamani.

Ingia kibanda chochote cha gemu hapa Dar. Televisheni kadhaa ni za mpira, lakini ile ya pembeni mara nyingi utaikuta inaendesha Grand Theft Auto V. Pedi imezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, alama za vitufe zimefutika kwa vidole vya watu, na kijana aliyeishika anazijua barabara za Los Santos kuliko za kata yake. Nyuma yake kuna anayeuliza, "Kaka, ya sita inatoka lini?" Mwenye kibanda ameshachoka na swali hilo. "Waulize wenyewe," anajibu.

Na wenyewe wamejibu mara tatu, kila mara jibu jipya. GTA V ilitoka Septemba 2013. Trela ya kwanza ya GTA VI ilikuja Desemba 2023 na kuahidi 2025. Mei 2025 tukaambiwa hapana, ni tarehe 26 Mei 2026. Novemba 2025 tukaambiwa tena hapana, ni tarehe 19 Novemba 2026. Hata hiyo ikitimia, mtoto aliyezaliwa mwezi ilipotoka ya tano atakuwa na miaka 13. Katikati ya muda huo tumeuziwa ya tano ileile kwa PlayStation 3, ikaja ya PlayStation 4 mwaka 2014, na ya PlayStation 5 mwaka 2022.

Kuna watu wanaopanga maisha yao kwa tarehe hizi. GTA VI imetangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox za kizazi kipya tu, hivyo mwenye kibanda lazima anunue mashine mpya. Akikopa kwenye kikoba ili awe tayari kwa 2025, marejesho yanaanza mwezi unaofuata. Kikoba hakisogezi tarehe kwa sababu studio ya ng'ambo imesogeza yake.

Wapenzi wa The Last Guardian walionja hilo mapema. Sony waliionyesha mwaka 2009 kuwa ni gemu ya PlayStation 3. Ilitoka Desemba 2016, ikiwa ya PlayStation 4. Aliyeinunulia mashine ile ya kwanza alibaki na mashine, gemu ikaenda kwa nyingine.

Mbaya zaidi ni zile zinazotangazwa kisha zikapotelea hewani. Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997. Mwaka uliofuata watengenezaji wake, 3D Realms, wakabadili injini ya gemu, kazi nyingi ikabidi ianze upya, na kila walipoulizwa jibu lilikuwa itatoka ikikamilika. Mwaka 2009 timu iliyokuwa ikiitengeneza ikaachishwa kazi. Studio ya Gearbox ikaimalizia, ikatoka 2011 baada ya miaka 14, na waliokuwa wakiisubiri tangu ujana wao wakapewa gemu iliyopitwa na wakati. Tukadhani hilo limekuwa fundisho. Kumbe hapana. Ubisoft walionyesha Beyond Good and Evil 2 mwaka 2008, wakanyamaza, wakairudisha kwa trela ya kupendeza mwaka 2017, na haijatoka.

Halafu kuna wanaochukua pesa kabisa. Star Citizen ya Chris Roberts ilianza kuchangisha mwaka 2012, matarajio yakiwa itoke 2014. Wachezaji wameshatoa zaidi ya dola milioni 700, na huuziwa vyombo vya anga vya ndani ya gemu, vingine kwa mamia ya dola. Haki tuiseme: kuna sehemu inayochezeka na watu wanaifurahia. Lakini bado inaitwa toleo la majaribio. Fundi cherehani aliyepokea kitambaa na malipo ya nguo ya Idi, kisha Idi zikapita kadhaa akiwa bado anakuonyesha mkono mmoja ulioshonwa, mtaani angeitiwa mjumbe.

Tukilalamika tunaambiwa subira huvuta heri. Tuliivuta kwa Cyberpunk 2077. Ilitangazwa 2012, tarehe ikasogezwa mara tatu ndani ya mwaka 2020, ikatoka Desemba ikiwa na kasoro nyingi mno kwenye PlayStation 4, hadi Sony wakaiondoa dukani kwao na kurudisha watu pesa. Ilikaa nje ya duka hilo miezi sita. Na walioumia si wanunuzi peke yao. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeahidi kutowalazimisha wafanyakazi kujipinda kupita kiasi, lakini tarehe ilipokaribia wakaamriwa kufanya kazi siku sita kwa wiki. Tarehe iliyotajwa kabla ya wakati humbana anayetengeneza na humdanganya anayenunua.

Tunajua sababu. Mwenye hisa anataka kusikia kuna kitu kinakuja, na trela ya kuvutia husaidia kupata wafanyakazi. Hayo ni mambo ya kampuni na wenye hisa wake. Wayazungumze ofisini mwao, wasitufanye sisi kuwa wapiga vigelegele wa mkutano usiotuhusu.

Kwamba inawezekana kufanya vizuri, tumeona. Bethesda walitangaza Fallout 4 Juni 2015 na Novemba mwaka huohuo ikawa mikononi mwa watu. Kampuni hiyohiyo mwaka 2018 ikatuonyesha milima na jina la The Elder Scrolls VI, basi, na hadi leo tunaisubiri. Apex Legends ilitangazwa na kutoka siku moja, tarehe 4 Februari 2019, na watu wakaimiminikia. Hata Team Cherry wa Australia, kistudio cha watu wachache, walioitangaza Hollow Knight: Silksong mapema mno mwaka 2019, mwishoni walijirekebisha: walikaa kimya wakaimaliza, wakataja tarehe wiki mbili tu kabla, na tarehe 4 Septemba 2025 ikatoka kama walivyosema. Wanunuzi walimiminika hadi maduka ya mtandaoni yakazidiwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia mpya. Msitangaze gemu kabla haijawa na kitu cha kuchezeka. Msitaje tarehe mpaka mmebakiza kusafisha kasoro tu. Na msipokee shilingi yetu kabla ya kuwa na gemu ya kutukabidhi. Mkishindwa, semeni mmeshindwa, kama Nintendo walivyosema wazi mwaka 2019 kwamba Metroid Prime 4 inaanza upya. Tuliumia, lakini tulijua tunasimama wapi.

Nanyi wachezaji wenzetu, tuache kulipia trela. Gemu itoke kwanza, tuione kwa jirani, tuisikie kwa waliocheza, ndipo tutoe pesa. Ahadi ni deni, na deni hudaiwa na asiyekuwa na haraka ya kulipa tena.