Ufunguo wa Pili

Dada mpenzi, tulipokuwa safarini kwenda Garissa tulisimama Kithimani kununua matunda, na ufunguo wa gari ukatupotea sokoni. Mchonga funguo hakutufaa, kwani ndani ya ufunguo hukaa chipu, na injini haiwaki mpaka kompyuta ya gari iitambue. Tulimngoja fundi mwenye mashine hadi magharibi. Alipofika alidai kwanza hati ya umiliki, nasi tukachukia. Kumbe alikuwa akitulindia mali yetu.

Tengenezesha ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali mkononi, kwani zikipotea zote gharama huzidi. Ukiupoteza, mwambie fundi aufute katika kumbukumbu ya gari, asije aliyeuokota akaliwasha.