SUKARI KIJIKO KIMOJA TU, CHUPA INALIPUKA!

Leo tunaweka pembeni habari za disko na mabinti, tunaongelea rubisi. Msikunje uso, kwani pombe hii ya ndizi imewasomesha wengi ambao leo wanajifanya hawaijui.

Kwa wasiopajua, Lusahunga iko wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, pale barabara ya Biharamulo inapokutana na ile ya kwenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Malori ya mizigo yanapita na mengine yanalala. Penye malori kuna mama ntilie, na penye mama ntilie rubisi haikosi.

Shangazi yangu anapika rubisi hapo, na pombe hiyo ndiyo inayonunua sare na madaftari ya watoto wake. Anavundika ndizi, anazikamua kwa nyasi, anachuja na kutia unga wa mtama uliokaangwa. Kesho yake tayari inachemka yenyewe. Ubaya wake ni kwamba rubisi haina subira. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa imeanza kuwa siki. Isiponunuliwa, inamwagwa, na mkwanja wa sare umekwenda na maji.

Ndipo tukawaza chupa. Wazo lenyewe si geni. Rwanda wanatia urwagwa, ndugu yake rubisi, kwenye chupa. Arusha nako, miaka ya 1990, kampuni ya Banana Investments ilianza kuuza pombe ya ndizi ya chupa. Siki inahitaji hewa, na chupa iliyofungwa vizuri haipitishi hewa. Kwa nini tusijaribu?

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoumbuka. Hamira ni vijidudu vilivyo hai. Vinakula sukari, vinatoa kilevi na gesi, gesi ileile iliyo kwenye soda. Kwenye mtungi ulio wazi gesi inajiendea zake. Ukiziba chupa haina pa kwenda, inabanwa ndani ya pombe. Ndiyo maana ukifungua unasikia "psii" na povu linapanda. Kwa hiyo watengenezaji wa pombe za nyumbani, wakishaona imetulia kabisa, huongeza sukari kidogo tu ndipo wazibe. Hamira iliyobaki inaamka, inakula, inatoa gesi, kisha inalala tena.

Ugomvi wangu na shangazi ulianzia hapo hapo. "Shikamoo shangazi. Hii bado inachemka, tusizibe leo."

"Marahaba. Wateja wangu wanaitaka tamu, mwanangu. Ikikaa sana inakuwa kali, nitamuuzia nani?"

Ana hoja, tena nzito. Lakini utamu maana yake sukari bado imo. Ukizibia utamu huo pamoja na hamira, gesi itaendelea kutengenezwa hadi kizibo kiruke au chupa ipasuke. Kioo kikiruka hakiulizi hili ni jicho la nani. Na chupa zenyewe tulipanga kuziweka chini ya kitanda wanacholala watoto!

Nikamwambia, achague moja. Rubisi tamu inywewe mtungini kama walivyofanya bibi zetu. Ya chupa isubiri ikauke utamu. Ukitaka vyote viwili, tamu na ya chupa, inabidi chupa zipashwe moto wa kiasi ili hamira ife, na hiyo ni kazi ya mwenye kipimajoto, si ya kubahatisha kwenye sufuria ya ugali.

Shangazi akakubali kutoa dumu moja la lita 20. Tukaitoboa mfuniko, tukapitisha mpira mwembamba, ncha yake ndani ya chupa yenye maji. Mapovu yakitoka, hamira bado iko kazini. Yalipokoma tukasubiri siku tatu nyingine. Machicha yalikuwa yameshuka chini, na ulimini utamu umepotea.

Kipimo ni gramu 5 hadi 6 za sukari kwa lita. Dumu la lita 20 linataka gramu 100 hadi 120, yaani hata nusu ya robo kilo haifiki. Usitie kwa kijiko chupa kwa chupa! Chupa ya nusu lita inahitaji gramu zisizozidi 3, na kijiko cha chai kilichojazwa mlima kinaweza kuzidisha mara mbili. Chemsha sukari na maji kidogo, ipoe, weka kwenye ndoo safi. Kisha shusha rubisi juu yake kwa mpira, taratibu, machicha yabaki nyuma. Chupa zioshwe kwa maji ya moto, na kila moja iachiwe nafasi ya vidole viwili juu.

Sisi tulitumia chupa za plastiki za soda, kwa sababu unaweza kuzibonyeza. Siku ya kwanza zililegea kama mfuko. Siku ya nane zilikuwa ngumu kama mpira wa baiskeli. Tulizihifadhi jikoni kivulini, ndani ya boksi lililofunikwa gunia, mbali na watoto. Ikizidi ugumu, unalegeza kizibo gesi ipungue.

Siku ya kumi shangazi akafungua ya kwanza. Psii! Akaonja, akakaa kimya, akaonja tena. "Si tamu," akasema, "lakini haijawa siki." Kwa mtu ambaye amemwaga rubisi miaka yote hiyo, hilo ni jambo kubwa.

Msikimbilie barabarani na makreti, lakini. Kuuza pombe kunataka leseni ya vileo, na chupa ya kwenda dukani inataka alama ya TBS. Gongo ndiyo usiiguse kabisa, kuitengeneza kiholela kumekatazwa kisheria tangu 1966. Na dereva mwenye usukani mkononi, mpe chai.

Vijana, mnapenda kufunga mambo haraka, iwe pombe, biashara au ndoa. Jamani, kitu kikiwa bado kinachemka, kiacheni wazi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.