Mlinda Chemchemi Alipwe Haki Yake

Wapenda haki wote, tunawaandikia kutoka Mumbuni, chini ya vilima vya Iveti.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilidai kuwa ng'ombe wa Wakamba ndio waharibifu wa ardhi, ikawanyang'anya wenyewe mifugo yao. Wananchi waliandamana hadi Nairobi, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu kizuizini. Baadaye wakashurutishwa kuchimba matuta. Baada ya uhuru waliyachimba kwa hiari, katika vikundi vya mwethya, wengi wao wakiwa akina mama. Vilima vilivyokuwa vipara vikavaa miti, na wataalamu wa ng'ambo wakaja kutazama na kusifu. Sifa walipata. Je, ujira walipata?

Sisi twajibu: la! Tuta linalozuia udongo huku juu ndilo linalopunguza mchanga katika bwawa la Maruba, linalonywesha mji wa Machakos. Mkaaji wa mjini hulipia maji hayo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji nayo hutoza ada. Lakini mama aliyeshika jembe tangu alfajiri, akaacha sehemu ya shamba lake bila kuilima ili kingo za mto zisibomoke, hatajwi katika hesabu hizo. Nyinyi waumini mwajua Maandiko yanavyomhukumu anayemnyima kibarua ujira wake.

Watakuwako wa kutuambia kwamba fedha zitaua moyo wa mwethya. Hayati Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliwapa akina mama malipo madogo kwa kila mche uliokua. Moyo haukufa, miti iliongezeka kwa mamilioni. Katika bonde la mto Malewa pia, wakulima wa milimani wamewahi kupewa vocha na watumiaji maji wa Naivasha kwa kuhifadhi udongo.

Watasema tena kuwa fedha zitaliwa njiani. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa ya mwizi si kumnyima mfanyakazi. Dawa ni hesabu kusomwa hadharani, na kamati kuchaguliwa na wananchi, si kuteuliwa na wakubwa.

Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaiamuru serikali ihakikishe manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa. Kwa hiyo hatuombi sadaka, twadai deni. Twataka sehemu ya fedha za maji irudi milimani kwa mkataba ulioandikwa. Tena isilipwe kwa mwenye hati ya shamba peke yake, kwani hati nyingi zina majina ya wanaume, ilhali jembe limo mikononi mwa wanawake.

Mcheza kwao hutunzwa. Ulizeni swali hili katika baraza na baada ya ibada, na msikubali kujibiwa kwa makofi.