Picha ya Mtu ni Amana

Kijana wa Kambu, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, aweza leo kujifunza kurekebisha picha za nyuso kwa kompyuta. Ni ufundi wa heshima. Pwani twaujua tangu zamani: marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki 1993, alikata na kuunganisha picha kwa mkono. Programu ya Photoshop, iliyotoka 1990, imerahisisha mno kazi hiyo. Na wepesi huo ndio hatari yake. Chunusi itapona, na ifutwe. Lakini kovu na makunyanzi ya bibi ndiyo sura yake. Akishafariki, wajukuu watamtafuta pichani. Basi fundi amwulize kwanza mwenye uso, ndipo afute.